Ubeti wa Mlango

Fundi huyu wa makochi aliitwa Misumari kwa sababu mbili, na watu walipenda zaidi kuitaja ile ya pili. Ya kwanza ni kwamba akiwa kazini alibana misumari midogo katikati ya midomo, akawa anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuipigilia kwenye mbao bila hata kuitazama. Ya pili ni maneno yake. Nayo yalitoka hivyohivyo, moja baada ya jingine, na kila moja liliingia mahali pake.

Kazi alifundishwa na mumewe. Mume alipofariki, wateja walikuja kumpa pole, na baada ya pole wakamuuliza fundi mpya ni nani. "Mnaongea naye," aliwajibu. Wapo waliocheka wakidhani ni utani, wakaenda kutafuta kwingine. Waliobaki waligundua kwamba makochi yake hayabonyei, na wengine walirudi baadaye, kimyakimya, wakijifanya walikuwa safarini.

Kazi ya makochi humfunza mtu tabia za binadamu wenzake. Kochi likiwa dukani linameta. Lipindue, uchane kitambaa cha chini, ndipo utajua aliyelitengeneza alikuwa mtu wa namna gani. Misumari alikwishakuta matambara, mifuko ya saruji, suruali kuukuu, na mara moja kiatu kizima, vimeshindiliwa mahali palipotakiwa sponji. Hakuvitupa. Aliviweka juu ya meza mpaka mwenyewe aje.

"Umekalia kiatu, baba," alimwambia mzee mmoja. "Miaka yote hiyo umekalia kiatu."

"Ndiyo maana mgongo!" mzee akasema.

"Mgongo ni wa kiatu. Ila aliyekuuzia ulimsifia mwenyewe."

Karakana ilikuwa chumba kirefu kilichotazama barabara, chenye dirisha moja na vumbi la sponji lisilokwisha. Nyuma yake palikuwa na ua mdogo wa saruji wenye bomba katikati. Upande mmoja wa ua aliishi Misumari, ambaye binti yake wa pekee alikwishaolewa mbali. Upande wa pili aliishi wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke ambaye hakuwahi kuolewa na hakupenda kuulizwa sababu. Kila jioni wawili hao walikula pamoja jikoni kwa Misumari. Mmoja anapika, mwingine anaosha vyombo, na kila mmoja analalamika kwamba mwenzake ndiye mwenye kazi nyepesi.

Wifi huyo alifanya kazi hospitalini, kwenye dirisha la wagonjwa wa nje. Kazi yake ilikuwa kuita majina. Alikuwa na sauti pana na safi, isiyohitaji kipaza sauti. Mgonjwa aliyetoka nje kununua maji aliisikia akiwa getini, akarudi mbio. Watu wa mtaani walimwita Kengele.

Kengele ndiye aliyemwingiza Misumari kwenye Ukumbi.

Ukumbi haukuwa jengo. Lilikuwa kundi la kwenye simu, lililoanzishwa na fundi redio mmoja aliyejulikana kwa jina la Antena, kijana mwenye kucheka haraka na kuogopa ugomvi. Kila Jumatatu Antena alitangaza mada ya wiki: maji, jirani, safari, deni, chochote. Wanachama walitunga wimbo juu ya mada hiyo, wakajirekodi kwa simu bila ala yoyote, wakatuma kabla jua la Ijumaa halijazama. Antena na majaji wenzake wawili walitoa alama, na wasikilizaji, ambao walikuwa wengi kuliko waimbaji, walitoa makofi na emoji za moto.

Wiki ya kwanza ya Misumari, mada ilikuwa "jirani". Aliimba. Katikati ya wimbo pumzi ilimwishia, sauti ikashuka, na tangu hapo hakuipata tena ile aliyoanza nayo. Jumapili alipewa tisa na nusu. Emoji za moto zilijaa mpaka simu ikapata joto.

Akatuma ujumbe: "Nashukuru. Ila naomba kuuliza. Tisa na nusu ya nini?"

Emoji zilikoma. Kisha Antena akajibu, "Ya kukutia moyo, mama."

"Moyo wangu mzima. Nilishuka sauti, hakuna aliyesema. Na nusu ya wimbo nilimwimba mama yangu, siyo jirani, hakuna aliyesema. Sasa atakayeimba vizuri mtampa ngapi? Kumi na tano?"

Jioni ile jikoni Kengele alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Wifi, dunia nzima watu wanalalamika wakinyimwa. Wewe unalalamika umepewa!"

"Nimepewa kisicho changu."

"Si wangekuvunja moyo?"

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nendeni mkasikilize zile nyimbo zenu. Maji matupu."

Hilo lilikuwa kweli, na wengi walilijua. Kila mtu alipata tisa. Aliyeimba kwa bidii na aliyejirekodi huku anakaanga vitunguu walisimama mstari mmoja. Mada nayo ilikuwa jina tu, kwa kuwa waimbaji walikuwa wamezoea kitu walichokiita kiraka. Mtu anachukua wimbo wake wa zamani, ule anaoujua vizuri, anaubandika ubeti mmoja wenye neno la wiki, anautuma. Ikiwa mada ni mvua, mpenzi wa wimbo ule ananyeshewa kidogo mwishoni. Ikiwa mada ni mkate, mpenzi yuleyule anakula mkate. Sifa za bure zina tabia hiyo: kwanza zinamfurahisha mvivu, halafu zinamfundisha mwenye bidii kuwa mvivu.

Antena, ambaye alikuwa mwoga lakini si mjinga, alimpigia simu Misumari akamwomba achukue nafasi ya jaji mmoja aliyechoka. Yeye akakubali kwa masharti. Kila alama itajwe na sababu yake. Wimbo uwe umetungwa kwa ajili ya wiki hiyo. Na kabla majaji hawajatoa alama yoyote, mmoja wao aupime wimbo kama kweli unaihusu mada, na usipoihusu, hauendelei. Antena akasema vizuri sana, na kipimo hicho cha mada akamkabidhi yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka.

Wa kwanza kunaswa alikuwa dereva wa lori mwenye sauti nene ya kupendeza. Mada ilikuwa "sabuni". Dereva alileta wimbo mrefu wa mapenzi, akaumaliza kwa kusema penzi la huyo bibi linang'arisha kama sabuni. Misumari akaukataa.

"Mama, sabuni ipo!" Dereva alilia kwa ujumbe wa sauti, lori likinguruma nyuma yake. "Hukuisikia?"

"Nimeisikia. Ipo kama abiria aliyedandia nyuma ya lori lako. Hiyo siyo safari yake."

Dereva alinuna. Wapo waliotoka kwenye kundi wakisema mambo yamekuwa mtihani wa shule. Lakini wiki iliyofuata, mada ilipokuwa "kiu", Dereva aliimba juu ya injini iliyochemka njiani, na mtu anayechagua kati ya kunywa maji yake ya mwisho na kuyamimina kwenye rejeta. Misumari alimpa nane. Alimwandikia kwamba ubeti wa pili ulikuwa mrefu mno, na kwamba mahali pale mtu anapolifungua dumu na kulifunga tena, yeye mwenyewe aliacha kupiga nyundo. Dereva alijibu kwa ufupi: "Nane hii nimeila na mke wangu."

Polepole Ukumbi ulibadilika. Watu walianza kurudia rekodi zao kabla ya kuzituma. Walianza kusema, wiki hii sina wimbo, badala ya kutuma chochote. Alama zilishuka na nyimbo zikapanda. Kengele alikuwa miongoni mwa waliopanda zaidi, kwa sababu sauti alikuwa nayo tayari; alichokikosa ni mtu wa kumwambia kwamba sauti nzuri siyo wimbo. Jikoni Misumari alimwambia, tena na tena, na Kengele alimrushia kitambaa cha vyombo, kisha akaenda akarekebisha.

Mwisho wa mwaka yakafika mashindano makuu. Waliobaki walikuwa wachache: Kengele, Dereva, bawabu wa jengo moja la ofisi, na wengine wawili watatu. Redio moja ndogo ya mjini ilikubali kuucheza wimbo wa mshindi. Kwa wengine hilo lilikuwa jambo la kujivunia tu. Kwa Kengele lilikuwa zaidi ya hapo. Alikuwa karibu kustaafu.

"Maisha yangu yote nimeita majina ya watu," alimwambia Misumari siku moja akisuuza sufuria. "Nikiita, mtu anashtuka. Anafikiri ni majibu mabaya. Nataka mara moja tu, kabla sijaliacha lile dirisha, watu waisikie sauti hii na mtu asishtuke."

Misumari alimpokea sufuria, akaifuta. Alijua hilo si jambo dogo.

Mada ya mwisho ilitangazwa: mlango.

Alhamisi mchana Misumari alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, misumari mdomoni, simu juu ya benchi. Ujumbe wa Kengele ukaingia kwenye kundi. Akaufungua kwa kidole cha mwisho, kile kisichokuwa na gundi.

Mstari wa kwanza tu ukamtosha.

*Kaka mwenye harufu ya gundi na mbao,*
*kikohozi chako kilitangulia kicheko.*

Aliujua wimbo huu. Kengele aliuimba kwa sauti ya chini akiosha vyombo tangu mwaka ule marehemu alipozikwa. Ulianza kama mguno, ukapata maneno, ukakua ubeti kwa ubeti jikoni mle, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ameusikia. Ulikuwa unamhusu mumewe: jinsi alivyokohoa kidogo kabla ya kucheka, jinsi alivyopima kitambaa kwa mkono badala ya futi na kukosea, jinsi alivyokaa kwenye kila kochi alilomaliza akafumba macho, kama mgeni aliyekaribishwa. Misumari aliusikiliza wote. Mwisho kabisa ukaja ubeti ambao alikuwa hajawahi kuusikia:

*Mlango uliufunga, ufunguo ukaenda nao,*
*sisi tumebaki nje, tunabisha mpaka leo.*

Alitema misumari kwenye kiganja. Alikaa vilevile juu ya magoti kwa muda, mpaka yakaanza kuuma.

Antena na jaji wa tatu, mwalimu wa kwaya, hawakungoja kipimo cha mada. Walikuwa wameshaandika: wamelia, wote wawili wanampa tisa na nusu. Wasikilizaji nao walikuwa wanalia. Kulikuwa na kazi moja tu iliyobaki, na aliyekuwa nayo ni Misumari.

Kengele aliporudi kutoka kazini alimkuta Misumari amesimama uani karibu na bomba.

"Umeusikia?" Kengele akauliza, macho yanang'aa. "Mwalimu wa kwaya kalia, wifi! Yule mwanaume mkavu kama ukuni!"

"Nimeusikia. Wimbo ule si wa mlango."

"Una mlango."

"Una mlango kama kochi lilivyo na msumari. Kochi siyo msumari. Wifi, ule ni wa kaka yako, umeuimba mle jikoni tangu amezikwa. Ubeti wa mwisho umeubandika wiki hii."

Kengele aliweka mkoba wake chini, juu ya saruji iliyolowa, wala hakujali. "Nani anajua?"

"Mimi najua."

"Wewe! Kwa hiyo kosa langu ni kuimba mbele yako? Ningeosha vyombo vyako nimefunga mdomo, leo ningekuwa mshindi?"

"Mpaka kesho jioni. Bado una muda. Tunga mwingine, unaweza. Wewe umekaa dirishani maisha yako yote, huwezi kukosa la kusema juu ya mlango."

"Sitaki mwingine. Huo ndio wimbo wangu. Hakuna niliouimba vizuri kuliko huo." Sauti ya Kengele ilikuwa imeshuka, na ikishuka ilikuwa ya kutisha kuliko ikipanda. "Yule ni ndugu yangu. Ni mume wako! Watu wanamlilia mume wako, mtu wasiyemjua, na wewe unasimama hapa kuniambia habari za msumari."

"Ndiyo. Kwa sababu ni mume wangu. Wimbo ule ulikuwa wake peke yake. Sasa umemshonea kiraka ili apite kwenye shindano."

Kengele alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Basi ukate," akasema. "Nikuone ukiukata." Akaokota mkoba, akaingia kwake.

Kesho yake jua lilizama na Kengele hakutuma wimbo mwingine. Misumari alinawa mikono, akakaa juu ya kochi lisilokuwa na kitambaa bado, akaongea kwenye simu kwa sauti yake ya kawaida:

"Wimbo wa Kengele nimeukataa. Siyo wa wiki hii. Nimeujua kwa kuwa umeimbwa nyumbani kwetu tangu mume wangu alipofariki, na ubeti wa mlango umeongezwa juzi. Dereva nilimkataa kwa jambo hilohilo. Mwenye neno aniulize mimi, asimuulize yeye."

Ukumbi uliwaka moto, na safari hii siyo wa emoji. Mmoja aliuliza kama mama huyu ana moyo au ana nyundo kifuani. Mwingine akasema ni wivu wa mawifi, mambo ya nyumbani yasiletwe kwenye sanaa. Mwingine akasema hata mume mwenyewe huko aliko amesikitika. Dereva peke yake aliandika: "Mimi nilikatwa kwa sabuni, na sikufa." Ujumbe wake ukafunikwa na mwingine wa hasira.

Jumamosi asubuhi Antena alikuja karakana kwa miguu yake. Alisimama mlangoni akichezea kofia.

"Mama, watu wanatoka kwenye kundi. Ungenyamaza tu. Nani angejua?"

"Ningejua mimi."

"Wewe mmoja."

"Kwani anayepima mada ni wangapi?"

Antena akakuna kichwa. "Tuseme tupige kura. Watu wenyewe waamue."

"Pigeni. Ila kabla ya kura waambie hivi: sheria ni ya Dereva tu, siyo ya mtu tunayempenda. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wakikubali, basi. Mimi nitabaki msikilizaji, nami nitatuma moto kama wenzangu."

Antena alikaa kwenye ukingo wa kochi, akainuka haraka kwa kuwa lilikuwa na gundi. Alitazama suruali yake, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Hujaumia?" akauliza.

"Niachie kochi langu, mwanangu. Linakauka."

Kura haikupigwa. Jumapili alama zilitoka na bawabu akashinda kwa nane na nusu. Hakuwa na sauti kubwa. Aliimba juu ya mlango wa kioo anaowafungulia watu asubuhi mpaka jioni, jinsi anavyowajua kwa viatu vyao, jinsi wanavyopita wakiuangalia mlango badala ya yeye. Na kwamba mkewe huwa anamcheka nyumbani kwa kuwa akifika mlangoni kwake husimama pembeni, amezoea, anangoja kwanza apite mtu mwingine. Ulikuwa wimbo wa mlango kuanzia bawaba hadi kitasa. Redio iliucheza siku ya kazi, mchana. Waliokuwa wametoka kwenye kundi, wengi wao, walirudi bila kusema kwa nini.

Lakini nyumbani jambo halikwisha. Kengele hakuja tena jikoni. Alinunua jiko dogo, akapika kwake. Walipokutana uani hakusema tena "wifi". Alisema, "Hujambo, fundi," kwa sauti ileile anayowaitia wagonjwa, akapita. Misumari akajibu, "Sijambo." Kwa mazoea aliendelea kupika chakula cha watu wawili, na kila jioni kingine kikabaki. Alikuwa na hakika kwamba alifanya haki, na hakika hiyo haikuyumba hata siku moja. Lakini kuwa na haki si kama kuwa na mtu wa kula naye. Watu hudhani mwenye msimamo haumii. Anaumia kama wengine, tofauti ni kwamba hawezi kumwomba mtu mwingine aubebe uamuzi wake.

Kilichomsumbua hasa ni jikoni. Mumewe alikuwa akiimbwa mle kila jioni, na sasa pale penye sinki palikuwa kimya. Hakulitarajia hilo. Alikuwa amefikiri anamlinda marehemu, kumbe alikuwa amemnyamazisha pia.

Ilipita miezi. Kengele akastaafu. Hospitali ilimuaga kwa keki na hotuba, na Misumari, ambaye hakualikwa, alisikia habari hizo kwa mteja.

Jumamosi moja Kengele aliingia karakana kwa mlango wa barabarani, kama mteja. Hakuwa na kitu mkononi. Alitazama huku na huku, akachagua kiti kimoja kilichokuwa tayari, akakaa.

"Fundi," akasema.

"Karibu."

"Nataka kuuliza jambo moja, niondoke. Wenzako walinipa tisa na nusu. Wewe hukunipa kitu. Tuache mlango, tuache mada. Wimbo ule ungeupa ngapi?"

Misumari alitoa misumari mdomoni, akaiweka kwenye kopo. "Wimbo uliokataliwa hauna alama."

"Najua sheria zako, usinisomee. Nakuuliza."

"Sikuusikiliza kwa kupima. Uimbe. Wote, bila ule ubeti."

"Hapa?"

"Alifanyia kazi hapa."

Kengele alitazama sakafu. Kisha, bila kusimama, akaanza. Dirisha lilikuwa wazi, na watu waliokuwa wakipita barabarani walipunguza mwendo. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto alisimama kabisa. Harufu ya gundi, kikohozi, mkono unaopima vibaya, macho yanayofumbwa juu ya kochi jipya. Wimbo uliishia pale ulipokuwa ukiishia zamani jikoni, kwa marehemu kufumba macho, bila mlango wowote. Uliishia ghafla kidogo. Na yeye aliishia ghafla.

Misumari alikuwa amekaa juu ya sakafu, mgongo kwenye mbao. Alijifuta uso kwa kanga iliyojaa vumbi la sponji, akapiga chafya mara mbili.

"Nane," akasema.

"Nane!" Kengele aliruka. "Mwalimu wa kwaya alilia!"

"Hata mimi nimelia. Nane. Mstari wa pili unavuta pumzi katikati ya neno 'kicheko', unalikata. Na vipimo hakuwa anavikosea kila mara, umemzidishia."

"Alikuwa anavikosea kila mara!"

"Mapazia tu. Makochi hapana."

Kengele alijiegemeza kitini. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda haikujulikana kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili. "Ndugu yangu," akasema, "wanawake wote wale waliojaa mjini, akaenda kuoa jiwe."

"Aliniona mchana kweupe, wifi. Hakudanganywa na mtu."

Jibu lake Kengele alikwishalipata. Lakini hakuondoka. Alivua viatu vyake, akainua miguu juu ya kiti cha mteja, na Misumari, ambaye hakumruhusu mtu yeyote kufanya hivyo, alijifanya hakuona. Akarudisha misumari mdomoni.

"Mada ya Jumatatu ni nini?" Kengele akauliza baada ya muda.

Misumari, ambaye kama jaji alikwishaambiwa, alitikisa kichwa.

"Hata mimi?"

Alitoa msumari mmoja kwa ulimi, akaupigilia. "Utaisikia na wenzako."

Jumatatu Antena alitangaza mada: foleni. Kengele alikaa siku nne akiandika na kufuta. Aliimba juu ya asubuhi dirishani, watu wanaofika kabla ya mapambazuko, mtu anayeweka jiwe mahali pake kwenye foleni akaenda kutafuta chai, na yule mzee aliyewapisha wengine wote mbele yake kwa kuwa aliogopa zamu yake. Wasikilizaji walituma moto. Misumari aliusikiliza mara mbili, akampa saba na nusu, akaandika sababu: jiwe lilikuwa zuri, mzee alikuwa mzuri zaidi, ila kiitikio kilirudiwa mno.

Jioni ile Kengele alivuka ua akiwa na sahani yake mkononi, akaingia jikoni kwa Misumari bila kubisha hodi, akakaa mahali pake.

"Hebu tuanzie hapo kwenye kiitikio," akasema. "Mno maana yake nini?"